Ushuru wa mafuta ya kula unamlinda nani hasa?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina duka la rejareja Morogoro, na mafuta ya kula ndiyo yanayoniingizia wateja wengi. Shemeji yangu analima alizeti Singida. Kila Juni bajeti inaposomwa tunasikia ushuru wa mafuta ya nje umeguswa ili kulinda viwanda na wakulima. Ushuru ukipanda, dumu la lita 20 linapanda kweli, lakini shemeji anasema bei ya gunia la alizeti iko palepale. Jirani yangu mmoja msomi anasema dawa ni biashara huria, tufungue milango tu. Nieleze kitaalamu: ushuru huu anaulipa nani, unamlinda nani, na ulinzi wenyewe unapimwaje?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Tuanze na anayelipa, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Anayelipa forodhani ni mwagizaji, kupitia wakala wake. Ushuru unakokotolewa juu ya bei ya mzigo pamoja na bima na nauli ya meli mpaka bandarini. Ukishaongezwa ushuru, jumla hiyo ndiyo inayopigwa VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo mzigo wa shilingi 100 usio na ushuru unatoka bandarini kwa shilingi 118, na ukitozwa ushuru wa asilimia 35 unatoka kwa shilingi 159.30. Tofauti ni shilingi 41.30, si 35, na hapo sijagusa tozo nyingine ndogondogo.

Je, muuzaji wa Malaysia au Indonesia hawezi kupunguza bei yake akabeba sehemu ya mzigo huo? Nchi inayonunua sehemu kubwa ya bidhaa duniani inaweza kumbana muuzaji. Sisi hatuna ubavu huo. Mafuta tunayoagiza kwa wingi ni mawese, na nchi hizo mbili huzalisha zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia; tusiponunua sisi, India itanunua. Bei ya soko la dunia haitikisiki kwa ajili yetu, hivyo ushuru karibu wote unaishia kwenye dumu lako.

Kuna upande wa pili unaosahaulika. Mafuta ya ndani hayalipi ushuru wa forodha, lakini bei yake hupanda kuyafuata ya nje. Kwenye dumu lililoagizwa, ongezeko la bei linakwenda Hazina. Kwenye dumu la ndani linabaki kwa aliyezalisha au aliyeuza. Mteja wako analipa kotekote. Kulinda kiwanda kwa ushuru ni kukipa ruzuku inayotoka mfukoni mwa mlaji bila kupita kwenye vitabu vya bajeti. Sisemi ni jambo baya moja kwa moja. Nasema tujue ni kiasi gani na anayepokea ni nani, kwa sababu mama anayenunua mafuta ya kupima kwenye kifuko ndiye anayechangia sehemu kubwa zaidi ya kipato chake.

Sasa kipimo. Asilimia unayoisikia redioni ni kiwango cha jina tu. Wachumi tunapima ulinzi halisi: ushuru umeongeza kwa asilimia ngapi ile thamani ambayo kiwanda chenyewe kinaiongeza juu ya malighafi. Nitatumia namba za mfano, nilizozichagua ili hesabu iwe nyepesi. Tani ya mafuta yaliyosafishwa iwe dola 1,000 bandarini. Mafuta ghafi ya kutoa tani hiyo yawe dola 800. Kazi ya kiwanda, yaani kusafisha na kuondoa rangi na harufu, ina thamani ya dola 200 kwa bei ya dunia.

Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipoanza Januari 2005, malighafi ziliwekwa sifuri, bidhaa za kati asilimia 10, na bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Mawese ghafi yakaangukia kwenye sifuri. Mwenye kiwanda sasa anaweza kuuza tani yake hadi dola 1,250 bila kuogopa mafuta ya nje, huku malighafi akiipata kwa 800 ileile. Nafasi yake imetoka dola 200 hadi 450. Imeongezeka kwa asilimia 125! Kwenye kitabu cha ushuru umeona 25, lakini kiwanda kimepata ulinzi mara tano ya hapo.

Katika bajeti ya 2018/19 Tanzania ilijitenga na viwango vya pamoja kwa bidhaa hii, ikatoza asilimia 25 kwa mafuta ghafi na 35 kwa yaliyosafishwa. Rudia hesabu. Bei ya juu kabisa ya mafuta safi inafika dola 1,350, malighafi inafika 1,000, na nafasi ya kiwanda ni 350. Ulinzi halisi ni asilimia 75. Ukilinganisha na ile hali ya 25 na sifuri, kiwango kilichotangazwa kimepanda na mlaji analipa zaidi, lakini kiwanda cha kusafisha mawese kimelindwa kidogo kuliko mwanzo. Ndiyo maana unaweza kukuta serikali inasema imelinda viwanda na mwenye kiwanda analalamika, na wote wawili wakawa hawadanganyi.

Ushuru wa mafuta ghafi unamgusa shemeji yako kuliko ule wa mafuta safi. Mshindani wake wa kweli ni mawese ghafi. Yakiingia bure, na viwanda vya kusafisha vikiwa vingi vya kutosha kushindana, bei ya dukani itashuka kuelekea gharama ya mawese pamoja na gharama ya kusafisha, hata kama mafuta safi ya nje yametozwa 35. Mwenye mashine ya kukamua alizeti pale Singida atauza mafuta yake akiangalia bei hiyo, kisha ndipo atajua gunia anaweza kulinunua kwa kiasi gani. Ukitaka kumlinda mkulima kwa ushuru, huna budi kuyatoza mawese ghafi, na hapo unagongana na kiwanda kinachoyategemea. Wakulima na viwanda hutajwa pamoja katika sentensi moja ya bajeti, ilhali kwenye kodi hii maslahi yao yanavutana.

Na hata mawese yakitozwa, mkulima anaweza asione kitu. Alizeti inavunwa karibu wakati mmoja, kati ya Mei na Julai. Mwenye ada ya shule ya kulipa na asiye na ghala anauza wiki ileile kwa mnunuzi aliyefika na lori. Nafuu ya ushuru humwendea mwenye uwezo wa kusubiri. Ndiyo maana naamini mbegu bora, ghala na mnada wa wazi vinamsaidia shemeji yako kuliko kuongeza asilimia 10 nyingine bandarini. Serikali ilipoanza kusambaza mbegu za alizeti za ruzuku katika mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu, iligusa penyewe.

Pengo kubwa kati ya ushuru wa ghafi na wa mafuta safi lina madhara mengine: linashawishi udanganyifu wa tamko, yaani kuyatangaza mafuta safi forodhani kama ghafi. Mawese ghafi yana rangi ya machungwa iliyokolea na asidi huru kwa asilimia kadhaa, wakati yaliyosafishwa yana manjano hafifu na asidi hiyo karibu imeisha. Katikati kuna mafuta yaliyosafishwa nusu, na hapo ndipo ubishi unapozuka: sampuli inakwenda maabara, meli inasubiri, gharama za kusubiri zinaingia kwenye bei. Mwaka 2018 mvutano wa namna hiyo ulifika hadi bungeni. Viwango vikikaribiana, faida ya kudanganya inapungua.

Jirani yako naye ana hoja. Mchumi wa Uingereza David Ricardo alieleza mwaka 1817 kwamba nchi hunufaika kwa kuelekeza nguvu kwenye kile inachokifanya kwa nafuu zaidi na kununua kingine, hata kama jirani anaizidi kwa kila kitu. Uingereza ilipofuta sheria za kuzuia nafaka za nje mwaka 1846, aliyefaidika alikuwa mfanyakazi anayenunua mkate na aliyeumia alikuwa mwenye shamba kubwa. Lakini wakati huo viwanda vyake vilikwisha kukomaa, tena nyuma ya kuta za ushuru. Mchumi wa Kijerumani Friedrich List aliwakumbusha wenzake jambo hilo miaka mitano kabla, mwaka 1841. Zaidi ya hapo, soko la nje lenyewe hufungwa siku usiyoitarajia. Indonesia ilizuia kuuza mawese nje kuanzia 28 Aprili 2022 hadi 23 Mei, wakati vita vya Ukraine tayari vimepandisha bei ya mafuta ya alizeti duniani. Nchi isiyokamua chake ililipa bei yoyote iliyotajwa.

Kwa hiyo mimi nakubali ushuru wa kulinda mafuta ya mbegu za ndani, kwa sharti moja nisilolegeza: tarehe ya kuanza kushuka iandikwe siku ileile unapopandishwa. Kwa sasa tunafanya kinyume. Viwango hivi hutolewa kwa mwaka mmoja, kisha vinajadiliwa upya, na kila Juni anayesikilizwa ni mwenye uwezo wa kufika Dodoma na kugonga milango. Hakuna atakayewekeza kwenye kinu cha alizeti cha miaka 15 kwa ahadi ya miezi 12. Tangu Julai 2022 Jumuiya ina daraja la nne la asilimia 35, lililokubaliwa Mombasa Mei mwaka huohuo, na mafuta ya kula ni miongoni mwa bidhaa zilizolengwa. Lakini daraja hilo halina ukomo wa muda.

Mwakani Gazeti la Jumuiya, yaani gazeti rasmi linalotangaza viwango vya ushuru, likitoka mwishoni mwa Juni, usiishie kwenye namba moja. Tafuta kifungu 1511.10 cha mawese ghafi na 1511.90 cha mawese yaliyosafishwa, kisha 1512.11 na 1512.19 vya alizeti. Pengo likipanuka kwa sababu ghafi imeshushwa, mwambie shemeji asitegemee bei ya gunia kupanda. Ghafi ikipanda, agiza mzigo wako wa duka mapema, kabla ya shehena yenye ushuru mpya kufika.