Usitupe nguo ulizo nazo

Umeuliza kama utoe nguo zote za poliesta kabatini na kununua za pamba ya kilimo hai, ndipo uanze kujenga mtindo wako bila kuharibu mazingira. Hapana, ndugu yangu. Poliesta hutokana na mafuta ya petroli, kweli, na kila ikifuliwa huachia nyuzi ndogo mno zinazoishia mitoni na baharini. Lakini hiyo yako imeshatengenezwa. Ukiitupa huokoi chochote. Pamba nayo ina deni lake: fulana moja hukadiriwa kutumia takriban lita 2,700 za maji, kuanzia shambani.

Zitoe zile unazozivaa mpaka zinapauka, uzitandaze kitandani, uzitazame kwa pamoja. Utaona kitu kinachojirudia: pengine rangi za udongo, pengine mkato mpana, pengine kola. Huo ndio mtindo wako, tayari unao. Zile usizozigusa, jiulize kwa nini. Mara nyingi tatizo ni mikono mirefu au kiuno kilicholegea, na hapo anayehitajika ni fundi cherehani, si muuza duka.

Ukipungukiwa, tafuta mtumba kwanza; kagua mishono, makwapa na zipu. Ukinunua mpya, iwe inayovalika na nguo tatu hivi ulizo nazo. (Maneno "rafiki wa mazingira" yaliyochapwa kwa kijani yasikuhadae. Mimi husoma lebo ya ndani inayotaja aina ya kitambaa.) Hizo za poliesta zifue zikichafuka tu, kwa maji baridi.