Kwanini vitabu vya Jianyang vilijaa kila kona halafu wasomi wakaviponda?

SWALI: Mkuu habari, nimesoma kuna wilaya huko China inaitwa Jianyang, mkoa wa Fujian, kwamba enzi za ufalme wa Song (karne ya 10 hadi ya 13) ilikuwa inachapa vitabu balaa ila wasomi walikuwa wanavidharau. Wewe kama mtu wa chapa unaonaje, tatizo lilikuwa mbao, karatasi au mafundi?

JIBU: Salama mkuu. Mbao zimo, ila usiwaonee mafundi, ile ilikuwa hesabu ya biashara. Ye Mengde, msomi wa enzi hizohizo, alisema vitabu bora vinatoka Hangzhou, wanafuata Sichuan, Fujian wa mwisho, halafu papo hapo anakiri vya Fujian vimezagaa nchi nzima, na sababu anaitaja mwenyewe: walichonga kwenye mti laini ili kazi iishe haraka na mzigo uuzike haraka. Sasa mti laini kisu kinapita kama kwenye sabuni lakini kingo zinalika mapema, ukishapiga nakala nyingi herufi zinaanza kuvimba, ndo kile sisi huku tunaita pleti imechoka.

Malighafi ndo usiseme, vyote viko mlangoni. Milima imejaa mianzi, unakata michanga unailoweka siku mia hivi, unaichemsha na chokaa, unaitwanga, unapata karatasi ya rangi ya njano kidogo, nyepesi na ya bei poa ingawa ikizeeka inakatika. Wino ni masizi ya msonobari na gundi. Mzigo ukiwa tayari unashuka na mto mpaka Fuzhou pwani. Na Zhu Xi mwenyewe, yule mwanafalsafa, aliishi hukohuko na kufia huko mwaka 1200, kwa hiyo wasomi na wanafunzi wa mitihani ya serikali, yaani wateja, walikuwepo jirani kabisa.

Mashine hamna. Karatasi iliyoandikwa unaibandika kifudifudi juu ya kibao, unachonga pasipo na maandishi, unapaka wino, unalaza karatasi unasugua mgongo wake kwa burashi, basi. Matteo Ricci, mmisionari wa Italia aliyeishi China baadaye enzi za Ming, anasema fundi mmoja alifikisha karatasi 1,500 kwa siku! Na vibao unavitunza tu stoo, oda ikija unapiga tena, hela yako haikai kwenye karatasi.

Kilichowaponza hasa kwa maoni yangu ni prufu ridingi, yaani kukagua makosa kabla ya kuchapa. Mji wao wa Masha ulisifika kwa makosa mpaka kuna kisa cha mwalimu mmoja aliyetunga swali kutoka kitabu cha kale cha ramli, akauliza mbona mbingu ni metali na ardhi nayo ni metali, wanafunzi wakashangaa, kumbe herufi ya sufuria ilidondosha nukta mbili ikageuka metali. Wakamletea nakala ya serikali, mwalimu akaona aibu, akasema basi mie nilinunua ya Fujian.