Nilimtania shemeji kuhusu timu yake ya fantasi, sasa hapokei simu zangu

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mbeya, nina miaka 31. Tuko watu 10, ndugu na marafiki, tunaocheza ligi ya fantasi ya soka la Uingereza, ambapo kila meneja huunda timu ya wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanayoyafanya uwanjani. Yetu ni ile ambayo kila mchezaji humilikiwa na meneja mmoja tu, na mameneja hubadilishana wachezaji wao kwa wao. Utaratibu huo tulifundishwa na binamu yetu aliyeko Kanada, ambaye hucheza ligi ya namna hiyo ya hoki ya barafuni, pamoja na desturi ya kuandika uchambuzi wa kuchekesha kila mameneja wanapobadilishana. Kazi ya kuandika niliipokea mimi, na kila Jumanne kundi zima la WhatsApp husubiri maandishi yangu.

Mwezi uliopita shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ambaye ni mfanyabiashara wa mbao Mafinga, alinipa Erling Haaland pamoja na kiungo mmoja majeruhi, nami nikampa mshambuliaji wa Brentford na kiungo wa Crystal Palace. Viungo wake watatu walikuwa wameumia kwa wakati mmoja. Niliandika kwamba ameuza ng'ombe wa maziwa ili apate kamba mbili, nikaongeza kwamba hatushangai, kwani hata mbao huziuza hivyohivyo, na ndiyo maana lori halionekani tena. Watu walicheka sana. Usiku uleule shemeji alijitoa kwenye kundi, hapokei simu zangu, na dada hunijibu kwa mkato. Shangazi, kwani shemeji si mtani wangu? Je, niache kuandika? Na timu yake tuifanye nini, kwa kuwa msimu bado unaendelea?

Mchambuzi, Uyole

Marahaba, mwanangu.

Maneno ya ng'ombe na kamba ni utani halali. Haaland alifunga mabao 36 katika Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2022/23, idadi ambayo hakuna mchezaji aliyekuwa ameifikia katika ligi hiyo kabla yake, na meneja yeyote anayemtoa mfungaji wa namna hiyo anajua, tangu anapobonyeza kitufe cha kukubali, kwamba Jumanne atasemwa. Shemeji yako aliingia katika ligi akiijua desturi yenu. Kama ungeishia kwenye kamba, angenuna siku mbili, angesubiri Haaland akose penalti, kisha angekurudishia kwa riba. Kilichomtoa kwenye kundi ni lori.

Katika sehemu ya barua ambayo sikuichapisha umeeleza kwamba lori liliuzwa mwaka jana ili kulipa deni, na kwamba habari hiyo ulipewa na dada yako kwa siri. Sasa mfikirie mtu huyu anafungua simu yake usiku, akiwa amejiandaa kusemwa kuhusu Haaland, anakuta watu wanane wanachekelea jambo ambalo alidhani limebaki kati yake na mkewe. Papo hapo amejua kwamba ya nyumbani kwake yanasimuliwa ukweni, na amemjua msimuliaji bila kuuliza. Ndiyo sababu dada anakujibu kwa mkato. Wewe unadhani anamtetea mumewe, lakini mimi naona kwamba ana kilio chake mwenyewe: alikuamini kama mdogo wake, nawe ukamfanya aonekane mvujisha siri mbele ya mtu anayelala naye chumba kimoja. Katika barua yako yote hukumhesabu dada miongoni mwa uliowaumiza, nami naona yeye ndiye wa kwanza.

Tena kuna biashara. Wewe unayepita barabara ile na kuona magogo ya msitu wa Sao Hill yakipakiwa unafahamu kwamba mbao huuzwa na kununuliwa kwa kuaminiana, mtu akachukua mzigo leo akalipa baadaye, na mfanyabiashara ambaye habari za madeni yake zimeanza kuzagaa hupata shida hata kama deni lenyewe alishalimaliza. Je, una hakika kwamba katika wale wanane hakuna anayefahamiana na mteja wake, au na mtu anayemdai? Maneno ya mdomoni yangeishia barazani. Haya yako yameandikwa, yanaweza kusomwa tena kesho, na yeyote anaweza kuyatuma kwa mtu mwingine bila wewe kujua.

Umeniuliza kama shemeji si mtani wako. Ni mtani wako, na sitaki uondoke hapa ukidhani kwamba nakukataza utani, kwa sababu naupenda na naona unatufaa. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, na leo Mngoni anaweza kuingia msibani kwa Mhehe akasema maneno ambayo yakisemwa na mtu mwingine yangeleta ngumi. Lakini angalia yanayoambatana na ruhusa hiyo. Mtani anayemcheka marehemu ndiye huyohuyo anayeshika jembe kuchimba kaburi na kukesha na wafiwa. Anasema uso kwa uso, akiona macho ya anayetaniwa, na akiona yamebadilika anajua mahali pa kukomea. Juu ya yote, mtani hujibiwa palepale, na kwa ukali uleule. Katika kundi lenu hakuna hata kimoja cha hivyo, kwa sababu kalamu unayo peke yako, Jumanne ni yako, na anayesemwa hana cha kujibu isipokuwa kuongeza alama za kicheko ili asionekane mnyonge. Utani wa mashemeji unakuruhusu kumcheka tumbo, mwendo, upishi, na timu yake ya fantasi kila wiki ya mwaka. Deni lake na mashaka ya nyumba yake havimo, hasa ulipovijua kwa njia ya mkewe.

Nije sasa kwenye mabadilishano yenyewe, maana nadhani hata hapo hukumtendea haki, na mchambuzi anayeheshimu kazi yake angetaka kulijua hili. Katika ligi ya watu 10, kila mmoja akiwa na wachezaji 15, wachezaji 150 tayari wana wenyewe, na waliobaki bila meneja kwa sehemu kubwa ni wale wanaokaa benchi katika klabu zao. Shemeji yako alikuwa na viungo watano, watatu majeruhi. Mchezaji asiyeingia uwanjani hana pointi hata moja, ilhali anayecheza dakika 60 ana pointi mbili kabla hajagusa kitu kingine, na bao la kiungo lina thamani ya pointi tano wakati la mshambuliaji lina nne. Kwa hiyo mtu huyu alimtoa mmoja mkubwa pamoja na mmoja asiyecheza, akapata wawili wanaocheza kila wiki. Yawezekana alikosea. Mimi naona alikubali haraka mno, na kwamba kwa jina kama Haaland angeweza kudai kiungo bora kuliko yule uliyempa. Hata hivyo alikuwa na hoja, na hoja hiyo haikuonekana popote katika uchambuzi wako, kwa sababu ulikwisha kuyaona mabao ya Jumamosi iliyofuata ndipo ukaandika kana kwamba kila mtu alipaswa kuyaona mapema.

Binamu yenu wa Kanada angekueleza hili vizuri kuliko mimi, kwa kuwa katika hoki ya nchi yao ipo habari ambayo kila shabiki anaijua. Tarehe 9 Agosti 1988 timu ya Edmonton Oilers, iliyokuwa bingwa wakati huo, ilimtoa Wayne Gretzky kwenda Los Angeles Kings. Mashabiki walichoma sanamu ya mmiliki wa timu, na mbunge mmoja aliitaka serikali izuie mabadilishano hayo. Oilers walipata dola milioni 15, haki za kuchagua chipukizi, na wachezaji ambao hakuna aliyethubutu kuwalinganisha na Gretzky, mmoja wao akiitwa Jimmy Carson. Mwaka uliofuata Carson naye alipelekwa Detroit, na miongoni mwa waliokuja badala yake alikuwemo Petr Klima. Mwaka 1990 Oilers wakaingia fainali ya Stanley Cup, kombe la ubingwa wa hoki hiyo, dhidi ya Boston, na mchezo wa kwanza uliokwenda hadi muda wa nyongeza wa tatu ukaamuliwa na bao la Klima huyo. Walitwaa kombe bila Gretzky, na Gretzky hakulitwaa tena maishani mwake. Sisemi kwamba Oilers walifanya vizuri kumtoa, na wapo wengi Edmonton ambao hadi leo hawajasamehe. Ninachokwambia ni kwamba aliyeandika hukumu yake Agosti 1988 aliandika kabla ya nusu ya habari kutokea, nawe umemhukumu shemeji kwa Jumamosi moja.

Kuna neno ambalo ulilipitia upesi sana katika barua yako: aliyempokea Haaland ni wewe. Ulikaa mezani na mwenzako, mkakubaliana, ukapata sehemu iliyonona, kisha ukasimama mbele ya watu ukamcheka kwa kukubaliana nawe. Hilo lingemuudhi mtu hata kama lori lisingetajwa kabisa. Litaidhuru ligi pia, kwa sababu meneja gani atafungua mazungumzo nawe wiki ijayo, akijua kwamba akikubali ombi lako utamwandika na akikataa utamwandika? Ligi za namna hii huishi kwa watu kuthubutu kubadilishana. Wakianza kuogopa Jumanne, kila mmoja atakumbatia wachezaji wake 15 mpaka mwisho wa msimu, na hutakuwa na cha kuchambua.

Kwa hiyo usiache kuandika, ila yale mabadilishano unayohusika nayo yaandikwe na mwingine, na wewe usemwe kama wengine wanavyosemwa. Unapoandika kuhusu wenzako, kwanza weka hoja ya meneja kama yeye mwenyewe angeieleza, kisha ucheke unavyotaka. Wasomaji wako watacheka zaidi, kwa kuwa watakuwa wameelewa hasa ni wapi hesabu ilipopinda. Na chochote ambacho hukukipata katika ligi, yaani mshahara wa mtu, ndoa, ugonjwa, biashara, kiache nje hata kama sentensi yake imekujia ikiwa tamu kiasi gani.

Kuhusu shemeji, acha kumpigia simu. Anza na dada, mwombe radhi kwa kosa lako kwake, tofauti kabisa na la mumewe, na umweleze waziwazi kwamba unaelewa ulimweka mahali gani. Usimtume kwa mumewe, maana ameshabebeshwa ya kutosha. Mwulize tu ni siku gani shemeji atakuwa nyumbani. Kisha panda basi la asubuhi, pita Makambako, ufike Mafinga wewe mwenyewe. Usiende mikono mitupu, chukua mchele wa Kyela, kwani unakwenda nyumbani kwa dada yako na hivyo ndivyo tunavyoingia nyumba za watu. Mwambie shemeji kwamba ulitaja jambo la nyumba yake mbele ya watu, kwamba halikuwa lako kulitaja, na kwamba unaomba radhi. Usimwambie kwamba ulikuwa unatania. Maneno hayo humgeuzia yeye kosa, kana kwamba shida ni kutojua kwake kucheka. Akikasirika mbele yako, msikilize mpaka amalize, na Haaland asitajwe mpaka yeye mwenyewe amtaje.

Kwa kuwa aibu aliipata mbele ya watu wanane, radhi ya chumbani peke yake haitoshi. Mwulize kama anaridhia uandike kundini, na akikubali, andika kwamba sentensi ya mwisho ya uchambuzi ule haikupaswa kuandikwa, kwamba umemwomba radhi mwenyewe, na kwamba unawaomba wote waufute uchambuzi huo kwenye simu zao. Lori usilitaje tena, wala usieleze kwa nini liliuzwa, hata kwa nia ya kumsafisha. 

Timu yake msiiguse. Asiwekwe mtu mwingine wa kuisimamia, wala asiondolewe kwenye ratiba. Wanaokutana naye wacheze na kikosi alichokiacha, na nafasi yake kundini iwe wazi siku atakayotaka kurudi. Najua pia utashawishika kumrudishia Haaland ili mambo yaishe. Usifanye hivyo. Mlikubaliana kama mameneja wawili wazima, na ukimrudishia kwa huruma utakuwa umewathibitishia wote kwamba shemeji hana uwezo wa kuendesha timu yake. Akimtaka Haaland, alete ombi lake kama meneja mwingine yeyote, nawe ulijibu kwa hesabu za timu yako.