Msichana, Zimwi na Kapteni

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, niliwawekea wanangu filamu ya Kihispania iitwayo Pan's Labyrinth kwa kuwa jalada lake lina picha ya msichana mdogo chini ya mti, lakini haikufika nusu kabla ya kitindamimba, mwenye miaka 8, kukimbilia chumbani akilia. Je, hadithi za mazimwi si za watoto?

JIBU: Pole, ndugu msomaji. Filamu hiyo ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Guillermo del Toro wa Meksiko, inahusu Hispania ya mwaka 1944, wakati askari wa dikteta Franco wakiwasaka wapiganaji waliompinga, waliosalia msituni, na nchini Uingereza hairuhusiwi kwa walio chini ya miaka 15. Nadhani mwanao alilikimbia lile zimwi jeupe, lenye ngozi iliyolegea, ambalo huketi mbele ya meza iliyosheheni vyakula huku macho yake yakiwa sahanini. Msichana anapokula zabibu mbili tu, ilhali amekatazwa, zimwi huyapachika macho hayo viganjani na kuinuka kumfuata. Hata hivyo, kwangu mimi anayetisha zaidi ni kapteni wa askari hao, baba wa kambo wa msichana, ambaye humuua kijana wa mkulima kwa kumpiga chupa usoni, kisha hupekua mfuko na kumkuta humo sungura ambaye marehemu alidai ndiye waliyekuwa wakimwinda. Zimwi lina masharti, na anayeyashika husalimika. Kapteni hana, na tofauti hiyo mtoto wa miaka 8 hawezi kuipima.