Maswali ya Wasomaji: Uchaguzi Mdogo wa Ubunge Uingereza

Chama kikimkana mgombea wake siku chache kabla ya kura, jina lake linafutwa kwenye karatasi?

Halifutwi. Ikishapita saa 10 alasiri ya siku ya mwisho ya uteuzi, mgombea hawezi tena kujitoa, na chama hakiwezi kumwondoa wala kuleta mwingine. Kilichokubaliwa siku hiyo ndicho kitakachochapwa.

Tazameni Rochdale, Februari 2024. Kiti kilibaki wazi baada ya kifo cha Tony Lloyd wa Labour. Uteuzi ulipokwisha kufungwa, Labour wakamkana mgombea wao, Azhar Ali, kwa kauli zake kuhusu Israel. Chama cha Greens nacho kiliacha kumuunga mkono mtu wake. Tarehe 29 wapiga kura walikuta majina yote mawili, na jina la Ali bado lina chama chake. Alipata kura 2,402, nafasi ya nne. George Galloway wa Workers Party alichukua kiti kwa kura 12,335, na wa pili akawa mgombea binafsi, David Tully, mwenye 6,638.

Mzizi wa kosa kama hili uko kwenye mchujo wa ndani ya chama. Kwa desturi, chama kilichokuwa na kiti ndicho huliomba Bunge litoe hati ya uchaguzi, na hati ikitoka, kura hupigwa kati ya siku 21 na 27 za kazi. Chama kinachoharakisha ili kuwawahi wapinzani kinajinyima muda wa kumkagua mtu wake. Kwa maoni yetu, wiki moja ya kusoma kila alichowahi kusema mgombea ina faida kuliko wiki moja ya kugonga milango.

Mgombea akifariki ni jambo jingine. Kama alisimamishwa na chama, kura husitishwa na kupangiwa siku nyingine. Kama alikuwa mgombea binafsi, uchaguzi unaendelea.

Mimi ni Mtanzania, niko Uingereza kwa kibali cha kazi. Naruhusiwa kupiga kura? Na kugombea je?

Kura, ndiyo. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kwa kibali halali cha aina yoyote ana haki ya kuandikishwa. Hapo wamo Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda. Raia wa Burundi na wa Kongo hawamo. Kugombea kunadai zaidi: uwe na umri wa miaka 18, na uwe na kibali cha kuishi bila ukomo au uwe huhitaji kibali kabisa.

Mwisho wa kujiandikisha ni siku ya 12 ya kazi kabla ya kura. Wengi hukosea kwa kuhesabu siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, wakachelewa. Kituoni, kwa England, Scotland na Wales, lazima uwe na kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa, hata iliyokwisha muda, mradi sura bado ni yako. Kama jina lilibadilika baada ya ndoa, beba cheti cha ndoa.

Nataka kugombea bila chama. Nianzie wapi?

Anza na saini, maana huko ndiko watu huangukia. Unahitaji wadhamini 10 walio kwenye daftari la wapiga kura la jimbo hilohilo, kila mmoja na namba yake ya daftari. Jirani aliyehamia juzi, au anayekaa ng'ambo ya mpaka wa jimbo, hakufai hata akikupenda vipi. Aliyekwisha kumsainia mgombea mwingine naye saini yake kwako ni bure, fomu ya huyo ikiwasilishwa kabla ya yako. Ukikusanya 15, zinazohesabiwa ni 10 za mwanzo tu. Moja ikiwa mbovu kati ya hizo, fomu nzima inakataliwa. Jaza fomu yote kwanza ndipo uombe saini, kisha uipeleke kwa msimamizi wa uchaguzi aikague siku kadhaa kabla, ili ukosee ukiwa na muda wa kurudia.

Dhamana ni pauni 500, na hurudishwa ukipata zaidi ya asilimia 5 ya kura halali. Haltemprice and Howden mwaka 2008 walisimama wagombea 26, na 23 kati yao walipoteza fedha hizo.

Kipeperushi kinasema "chama fulani hakiwezi kushinda hapa", na kina chati ya nguzo. Niiamini?

Chukua rula. Pima nguzo, kisha soma namba zilizo juu yake. Ukiona chama chenye asilimia 20 kimechorewa kijinguzo robo ya chenye 40, umeshajua mchoraji alikusudia nini. Halafu tafuta maandishi madogo chini: takwimu ni za uchaguzi wa Bunge, wa halmashauri, au wa eneo pana kuliko jimbo lako? Jina na anwani ya aliyetoa kipeperushi lazima viwepo kisheria.

Hata chati ya kweli inaweza kukupoteza. North Shropshire mwaka 2019, Liberal Democrats walikuwa wa tatu, nyuma ya Labour, na Conservative walishinda kwa tofauti ya kura 22,949. Desemba 2021 Helen Morgan wa Liberal Democrats alikichukua kiti hicho kwa tofauti ya 5,925. Aliyetaka kuwaangusha Conservative, akifuata orodha ya zamani, angempa Labour kura yake.

Mbunge akihama chama, uchaguzi unarudiwa?

La. Anabaki na kiti. Douglas Carswell na Mark Reckless mwaka 2014 walijiuzulu kwa hiari walipohamia chama cha UKIP, na wote wawili walirudishwa na wapiga kura wao. Sheria haikuwalazimisha.

Nje ya kituo, mtu mwenye ua la utepe kifuani aliniuliza namba yangu ya daftari. Nimjibu?

Hulazimiki. Huyo ni mtu wa chama, si mtumishi wa uchaguzi. Namba yako haimwambii ulimchagua nani. Inapelekwa kwenye ofisi ya kampeni, wakate jina lako kwenye orodha ya wafuasi ambao hawajapiga kura. Jioni, kabla vituo havijafungwa saa 4 usiku, wanaobaki ndio wanaogongewa milango. Kazi hiyo huonekana ndogo, lakini Runcorn and Helsby, tarehe 1 Mei 2025, Sarah Pochin wa Reform UK alipata 12,645 na Labour 12,639, baada ya kura kuhesabiwa upya.