Kabla Hujachukua Mbao kwa Mkopo: Jina la Biashara, Ubia au Kampuni

Vijana wengi wanaoingia kwenye mbao hapa Mafinga hunionyesha cheti cha BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, wakiamini wameshajikinga. Ukikisoma, ni cheti cha jina la biashara. Wadogo zangu, hicho kinakuruhusu kutumia jina tu. Kisheria wewe na biashara yako ni mtu mmoja. Mteja wa Dar akikulipa advansi, mzigo usifike, akakushtaki na kushinda, anayedaiwa ni wewe, na kiwanja chako cha Kinyanambo ni miongoni mwa mali zinazoweza kukamatwa.

Ubia ndio unaonitia hofu zaidi, kwa sababu hauhitaji hata karatasi. Mkichanga mtaji mkafanya biashara pamoja kwa kugawana faida, tayari ni wabia. Mwenzako akikopa magogo kwa ajili ya biashara yenu, deni ni lenu wote. Mdai hahangaiki na aliyesaini. Anamfuata mbia mwenye mali, kama nyumba.

Kampuni yenye ukomo wa hisa, chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002, ina nafsi yake. Inamiliki, inakopa, inashtakiwa. Tuseme una hisa 100 za shilingi 10,000 kila moja na umezilipa zote: kampuni ikifilisika, kinachopotea ni hiyo milioni moja. Kama hujazilipa, unadaiwa salio.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wanapojimaliza wenyewe. Ukienda benki, ofisa mikopo atakuwekea rundo la karatasi. Itafute ile ya dhamana binafsi ya wakurugenzi. Ukiisaini, kampuni ikishindwa kulipa wanakuja kwako, na ukomo wa hisa hausaidii kitu. Usione aibu kuuliza: je, fuso la kampuni halitoshi kuwa dhamana? Kama hawakubali, omba basi udhamini wako uwe na kiwango cha mwisho kilichoandikwa. Na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wako. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, kwa hiyo mambo ya kumficha mama watoto yaacheni.

Fungua akaunti ya kampuni na uitumie. Mauzo yakiingia kwenye simu yako na ada ya shule ikatoka humo humo, siku ya kesi utapata shida kueleza kipi chako na kipi cha kampuni. Kadi ya gari nayo iandikwe jina la kampuni. Lakini ukiendesha mwenyewe kizembe ukagonga mtu pale Kitonga, kampuni haikufichi. Kosa ni lako. Hapo kinga yako ni bima.

Kampuni ina gharama, nisiwadanganye. Kuna ritani, yaani taarifa, za kila mwaka BRELA, ritani za kodi TRA, na hesabu zinazohitaji mkono wa mhasibu aliyesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu. Anayeuza viazi vya Uyole kwa pesa taslimu, bila mkopo wala gari, sioni sababu ya kumsukuma huko leo.

Wewe wa mbao za mkopo, sajili kabla ya mkataba wa kwanza, na usaini kama mkurugenzi, kwa jina na muhuri wa kampuni. Deni ulilosaini kwa jina lako halihamii kwenye kampuni eti kwa sababu umeisajili baadaye.