Usiache dozi ya H. pylori siku ya tano

Mkuu, hivyo vidonge vya kuua H. pylori, bakteria wa tumboni, vimeze. Unasema uko siku ya 5 kati ya 14, tumbo limetulia na unataka kuacha. USIACHE. Mimi niliacha siku ya 6, mwaka 2019, nikiwa Tandika.

Sikuacha kwa akili yangu. Nilikuwa nimenunua dozi ya siku chache, pesa ilikuwa haitoshi. Niliporudi kumalizia, muuzaji wa duka la dawa akaniuliza, "Maumivu si yameisha? Basi inatosha, usijichoshe." Nikamwamini! Mtu amekaa kaunta anampangia mgonjwa siku ya kupona, na cheti cha daktari amekishika mkononi. Mpaka leo nikipita pale roho inaniuma.

Kilichotuliza maumivu ni omeprazoli iliyomo kwenye dozi, kwa sababu inapunguza asidi. Bakteria walikuwepo. Nusu dozi inaua wale dhaifu, inakuachia wasugu. Miezi mitatu haikupita, kiungulia kikarudi, usiku silali. Nikarudia dawa zilezile, hazikufua dafu. Katikati nikatupa pesa kwenye kipimo cha damu, kikasoma chanya, nikachanganyikiwa. Kumbe kile kinaangalia kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupigana na bakteria, na hizo hubaki mwilini muda mrefu hata kwa aliyepona. Mwishoni daktari wa hospitali akanibadilishia dawa zote, nikaanza upya siku 14, gharama mara tatu ya ile niliyoona kubwa mwanzoni.

Umeuliza kuhusu saratani ya utumbo mpana. Uhusiano umeonekana, ingawa haujathibitisha kwamba bakteria ndiye chanzo. Saratani ambayo bakteria huyu anajulikana kuisababisha ni ya tumbo, hilo limetambuliwa tangu 1994. Ya utumbo mpana, utafiti wa 2024 kwa wanajeshi wastaafu zaidi ya 800,000 wa Marekani ulikuta wenye bakteria wakiipata zaidi kwa 18%. Na wenye bakteria ambao hawakutibiwa waliwazidi waliotibiwa kwa 23%. Iangalie hiyo ya pili. Mimi wa nusu dozi nilikuwa najihesabu nimetibiwa!

Maliza zote 14. Kaa wiki 4 baada ya dawa kuisha, omeprazoli uwe umeiacha wiki 2, halafu kapime choo. Choo, si damu. Kabla karatasi haijasoma hasi, usimwambie mtu umepona.

Umesharuka vidonge vyovyote? Kama ndiyo, rudi leo kwa daktari aliyekuandikia. Dukani usiulize.